Bibo lisilo na korosho

Mgeni akiingia sebuleni kwetu hapa Newala, macho yake huenda kwanza kwenye kinyago kilicho juu ya kabati, na karibu kila mtu hukipa jina lilelile: Hawa na nyoka. Katekista wa jirani alisema hivyo. Fundi aliyekuja kufunga sola alisema hivyo. Shemeji yangu wa Lindi, mtu wa msikitini, alisema huyo ni Ibilisi anamnong'oneza Nabii Adamu, akanikumbusha kwamba katika Kurani hakuna nyoka, na kwamba Adamu na mkewe walidanganywa wote wawili. Wote wameona kishawishi, na kishawishi kweli kimo. Ila Hawa hayumo, nyoka hayumo, bustani haimo. Nimeishi na kinyago hiki miaka mingi, nimekifuta vumbi na kukigeuza kila upande, na leo nataka kukisoma hadharani, kwa sababu naamini kinasomwa vibaya, na anayeonewa kwa kusomwa huko ni yule mtu aliyechutama katikati.

Alikichonga mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, marehemu sasa. Ni gogo moja la mpingo, halijaungwa popote, kimo chake hakifiki futi mbili. Mwanamume amechutama, magoti yamepanda hadi kifuani, mikono imelegea juu ya magoti, macho amefumba. Mgongoni amepandiwa na shetani: mguu mmoja, sikio moja, mikono mirefu isiyo na viwiko. Mdomo wa shetani umevutwa mbele mpaka ukaingia kwenye sikio la yule mtu. Mkono wake wa kulia umezunguka bega la mtu na kumletea bibo, tunda la mkorosho, mbele ya uso. Mkono wa kushoto umepita nyuma, chini ya kwapa, umeshika bakuli. Halafu nyuma kabisa, upande unaoelekea ukutani, yupo mwanamke. Wengi hawamwoni kwa sababu hawakizungushi.

Kwa wasiozoea vinyago vya kwetu, niseme kidogo kuhusu haya mashetani. Si ya kale sana. Wazee walichonga mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani kwenye ngoma za jando na unyago, na walichonga sanamu za mama. Mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akichonga Dar es Salaam miaka ya 1950. Baada yake vijana wengi wakaingia humo, na George Lilanga, aliyezaliwa kusini huku mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, akayatoa mashetani kwenye mpingo akayatia kwenye rangi, na masikio yao makubwa na vitambi vyao, yakicheka na kucheza mpaka kwenye kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani. Shetani wa mchongaji wa Kimakonde anaweza kuwa mtani, mgomvi, mcheza ngoma, hata mzazi. Ukimtazama kwa jicho la mahubiri peke yake utamkosa.

Sasa turudi kwenye bibo, maana hapo ndipo kinyago kinapojitambulisha. Watu wakiona tunda mkononi mwa mshawishi wanakimbilia Edeni. Lakini tunda la mjomba lina umbo ambalo mtoto yeyote wa Tandahimba au Nachingwea analijua hata gizani: jembamba upande wa kikonyo, pana upande wa chini, na chini kule kuna kishimo. Kwenye mkorosho, kishimo hicho ndipo korosho inaponing'inia, nje ya tunda. Kwenye kinyago, kishimo kipo na korosho haipo. Mjomba amekichimba kwa ncha ya patasi, akakisugua kikawa laini, ili pasiwe na mtu atakayedhani ilivunjika. Ilichomolewa. Na ukifuata mkono wa pili wa shetani mpaka kwenye bakuli, utazikuta humo korosho zenyewe, zimelala ubavu kwa ubavu, kila moja na mgongo wake uliopinda.

Basi mshawishi anampa mtu sehemu tamu, anaondoka na sehemu yenye thamani. Bibo ukiliokota asubuhi, kesho limeshachacha. Linakaba koo, linachafua nguo kwa doa lisilotoka, na kama hukuligeuza kuwa uraka, pombe ya mabibo, mapema, ni la nzi. Korosho inakaa. Ganda lake lina mafuta yanayobabua midomo na vidole, waulize wanawake wanaobangua kwa mkono, lakini ukivumilia ganda ndani mna ada ya shule na bati la nyumba. Mjomba angeweza kuchonga embe au chungwa. Alichagua tunda ambalo utamu wake na thamani yake vimekaa mahali pawili tofauti, na mwizi akaweza kuvitenganisha bila mwenyewe kushtuka.

Anayenunua kwa bakuli kwetu huku ana jina: ni mtu wa kangomba. Walioko mbali wataelewa hivi. Tangu msimu wa 2007/2008 Mtwara tunauza korosho kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa kwa mizani, anapewa stakabadhi, zinakwenda mnadani, fedha inakuja baadaye. Kangomba ni njia ya pembeni. Mnunuzi anapita vijijini kabla ya msimu, mikorosho ikiwa maua au hata haijapigwa salfa, dawa ya ukungu, anatoa fedha taslimu au debe la unga, na korosho zikianguka anakuja kuchukua zake kwa kipimo chake na kwa bei yake. Serikali imekataza, imekamata watu, na Novemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuzisomba, uhakiki wa mashamba ulifanyika ili wa kangomba wasilipwe. Bado wapo.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi, kwa hiyo kinyago cha mjomba nakiona pia kazini. Msimu ukifunguka Oktoba, anakuja mama ambaye najua shamba lake lilivyo, na kichwani ana nusu gunia.

"Shikamoo mama. Nyingine zinakuja na baiskeli?"

"Marahaba mwanangu. Nyingine zilishaondoka."

Hasemi zilikwenda wapi, na mimi siulizi. Naandika kilo zilizopo.

Nimeeleza bibo na bakuli kwa sababu hizo ni alama, na alama ukishazijua zinasomeka. Hali ya moyo ya kinyago ni ngumu zaidi, na ndiko ninakotofautiana na karibu kila mtu aliyewahi kukitazama pale sebuleni. Wao wanaona tamaa. Binamu yangu, mtoto wa kumzaa mjomba mwenyewe, anasema baba yake alichonga uroho wa mkulima asiyeweza kungoja. Mimi naona njaa.

Tazama mbavu. Mjomba alikuwa stadi wa kung'arisha; alipiga tupa, akapiga msasa, akamalizia kwa kiwi ya viatu mpaka mpingo ukarudisha mwanga wa dirisha. Mgongo wa shetani umeng'arishwa hivyo, mikono yake vivyo hivyo. Lakini ubavu wa yule mtu ameuacha na alama za tezo. Ukipitisha kidole unahesabu mbavu moja baada ya nyingine, na katikati yake mti umeachwa mkavu, hauna kiwi. Tumbo limeingia ndani. Mtu mwenye uroho katika vinyago hupewa tumbo kubwa na mdomo ulioachama. Lilanga aliwachora wengi wa namna hiyo. Huyu mdomo wake umefungwa. Hajalishika bibo, mikono iko palepale juu ya magoti, na vidole vya mkono mmoja tu ndivyo vimeanza kunyooka. Hilo la vidole lilinichukua muda kuliona. Kidole cha shahada na cha kati vimeinuka kidogo kutoka kwenye goti, vingine bado vimelala. Uamuzi wote wa kinyago uko hapo, kwenye vidole viwili.

Na uso wa shetani si wa kutisha. Siku moja nikiwa binti mdogo nilimuuliza, "Mjomba, mbona huyu shetani hana meno?" Akanijibu bila kuacha kupiga tezo, "Meno ya nini, mwanangu? Hang'ati mtu." Mashavu ya shetani yamejaa, macho yamelegea kwa upole, kichwa kimeinama kwenye bega la mtu namna ndugu anavyomwinamia ndugu msibani. Zaidi ya hapo, ana chale. Ni zile chale za Kimakonde za mistari iliyovunjika kwenye paji na mashavuni, na mjomba amezikata kwa mpangilio uleule kwenye uso wa mtu na kwenye uso wa shetani. Yeyote anayejua kangomba inavyotembea ataelewa kwa nini. Tajiri wa mjini haji kijijini kugonga mlango wa mtu asiyemjua. Anamtuma kijana wa palepale, anayejua nani ana mgonjwa, nani ana mtoto aliyefaulu kwenda sekondari, nani amekosa fedha ya salfa. Anayekuja na bakuli anakusalimia kwa lugha ya nyumbani, anauliza hali ya mama, na pole anayokupa ni ya kweli. Hii ndiyo hali ninayoisikia nikikitazama kinyago: kuna huruma mle ndani, na huruma hiyo ndiyo inayoponza.

Kuhusu sikio. Vinyago vya shetani vina matundu mengi. Mchongaji hupenya kati ya mkono na kiwiliwili, kati ya mguu na mguu, mpaka hewa ipite kila mahali. Mjomba amefanya hivyo kote, hata chini ya kwapa la shetani unaweza kupitisha kalamu. Pale tu mdomo unapokutana na sikio hakuna upenyo. Mti ni mmoja, nyuzi zake zinatoka kwenye mdomo zinaingia kichwani bila kukatika. Nimejaribu kuona mdomo unaishia wapi na sikio linaanzia wapi, na huwezi kusema. Sauti ya mshawishi imeshakuwa wazo la mtu mwenyewe. Ndiyo maana macho ameyafumba: hamsikilizi mwingine, anajifikiria.

Ipo picha nyingine ya kishawishi ambayo nimeitazama sana, hii kwenye simu, nikiikuza kwa vidole. Ni Adamu na Hawa ya Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nürnberg, aliyeichonga kwenye bamba la shaba na kuichapa kwenye karatasi mwaka 1504. Ni ndogo, haizidi sana ukubwa wa daftari la shule. Naipenda mno, na nailinganisha na ya mjomba kwa sababu zote mbili zimechagua dakika ileile, kabla. Tunda bado liko kati ya nyoka na mkono wa Hawa. Paka amejilaza, panya yuko mbele yake, na paka hajaruka. Mbali kule mbuzi wa mlimani amesimama ukingoni mwa jabali, hajaanguka. Nyuma yao msitu ni mweusi, miili yao ndiyo inang'aa. Kuna sungura, ng'ombe, paka na yule mnyama mkubwa wa pembe wa misitu ya Ulaya, na wanazuoni wa huko huwasoma hao wanne kama tabia nne za binadamu, zile walizoamini zinatokana na damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kabla ya dhambi zilikuwa zimelingana, ndiyo maana wanyama wametulia. Baada ya kuuma tunda, kila moja itavuta upande wake, na paka atamkumbuka panya.

Lakini miili ya Dürer imeshiba. Aliipima kwa vipimo vya sanamu za kale za Wagiriki na Warumi, akitafuta umbo kamili la binadamu, na akalipata: mapaja imara, mabega mapana, ngozi isiyo na kovu. Hao wawili hawana upungufu wowote. Wana bustani nzima, wanataka mti mmoja wa ziada. Ukiwa umelelewa na picha hiyo, au na mahubiri yaliyotokana na simulizi hilo, utadhani kila kishawishi ndivyo kilivyo, kwamba anayeshawishika ni mtu aliyekuwa navyo akataka zaidi. Halafu unakuja sebuleni kwetu, unaona mtu, tunda na mnong'onezaji, unasema tamaa. Mbavu huzioni.

Kangomba haiji Novemba, wakati korosho zimejaa chini ya miti. Inakuja Mei, Juni, Julai, fedha ya msimu uliopita imekwisha na mikorosho inadai dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu. Hapa kwenye uwanda wa Makonde hata maji tumekuwa tukiyatafuta mbali tangu enzi za bibi zetu. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini kabisa, na maji yako huko. Mtu anayechutama hivyo mwezi Juni hajaacha kungoja kwa sababu ni mroho. Amengoja mpaka akafika mwisho wa kungoja. Sisemi kangomba ni sawa. Mimi ndiye ninayeshika kalamu pale mizani inaposoma pungufu, najua inavyowala watu. Nasema mjomba hakumhukumu mtu wake, na nasi tusimhukumu kwa kutumia kazi ya mjomba.

Lipo jambo la mti wenyewe. Mpingo una nyama nyeupe kwa nje, nyembamba, na kiini cheusi ndani. Wachongaji wengi huitoa ile nyeupe yote. Mjomba aliligeuza gogo ili ukingo mweupe uangukie pale pale palipo bibo, basi bibo ni jeupe na kila kitu kingine ni cheusi. Macho yako yanakwenda huko kwanza, kama ya yule mtu yangekwenda kama angeyafumbua. Miaka imepita, na wadudu wameshaanza kulitoboa. Kiini cheusi hawakiwezi, nyeupe wanaila. Kila mchongaji anajua nyama nyeupe haidumu. Binamu yangu anataka alipake dawa na rangi ya kahawia ili lihifadhike. Nimemwomba asiguse. Dawa nitaipaka mimi kwenye matundu tu.

Nimemwacha mwanamke wa nyuma mpaka sasa kwa sababu juu yake hatujakubaliana nyumbani. Amesimama, mgongo wake umegusana na mgongo wa shetani, na katika kinyago chote ni yeye peke yake aliyefumbua macho. Sisi Wamakonde tuna simulizi la mtu wa kwanza aliyekuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na kulipokucha ikawa mwanamke hai. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa bondeni karibu na maji, walikufa. Wa tatu alizaliwa huku juu, akaishi. Katika simulizi letu mwanamke haleti dhambi. Anakuja kumwondolea mtu upweke, na anazika watoto wawili kabla ya kulea mmoja. Kwa hiyo sitegemei mjomba amchonge mwanamke kuwa mlango wa Shetani, na hakufanya hivyo.

Swali ni mkono wake. Amenyoosha mkono wa kulia kwa nyuma, na vidole vyake vimegusa bakuli kwa chini. Mama anasema analisukuma, anataka korosho zimwagike zirudi. Anasema mke wa mjomba, wifi yake, alikuwa mtu wa msimamo, asingekubali kangomba iingie kwake, na mjomba asingethubutu kumchonga vinginevyo. Mimi nimetazama vifundo. Vidole vya anayesukuma hunyooka. Hivi vimekunjwa kufuata mviringo wa bakuli. Amelishika. Na nadhani analishika kwa sababu yeye, aliyefumbua macho, anajua jikoni kuna nini. Bakuli linaloondoka na korosho Oktoba ndilo lililoingia na unga mwezi Juni. Ukitazama ndani yake kwa tochi, chini ya korosho mjomba ameacha tabaka moja laini, halikuchongwa kitu, limesawazishwa tu, na ule usawa si wa chini ya bakuli, uko juu zaidi. Nasema huo ni unga. Mama anasema ni mti ulioachwa tu kwa sababu patasi haikufika.

Nitapiga picha kwa ukaribu, mkono na ndani ya bakuli, niziweke hapa kabla ya mwisho wa wiki. Wachongaji mlioko Mwenge, Dar es Salaam, na nyinyi wa Masasi na wa Mueda, Msumbiji, mnaojua patasi inafika wapi na haifiki wapi, nawaomba mzitazame mniambie kama tabaka lile ni kazi ya makusudi. Mama amekubali kusikiliza jibu la mchongaji, la kwangu hapana.